Pimbi Azindua Kitabu

Hapo zamani za kale, yaani mwaka 2025, paliishi Kigongo pimbi mmoja aliyeandika kitabu.

Pimbi mnamjua. Kanyama ka miambani, mkia hana, na huku mjini jina lake limekwisha kuwa tusi: asiye na kimo wala cheo huitwa pimbi, na wanaosikia hucheka. Huyu wetu alikuwa jike wa makamo, hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, na majirani walimlaumu kwa jambo moja tu, kwamba hakulala mapema. Usiku wa giza alikaa juu ya jiwe lake akitazama Ghuba ya Mwanza, mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake.

Wavuvi wa dagaa hungoja usiku usio na mbalamwezi. Zamani waliwasha karabai, siku hizi ni taa za sola. Dagaa wakiona mwanga hupanda juu na kuuzunguka, wavu ukapita chini yao. Mwezi wa kweli ukiwaka, wavuvi hulala nyumbani. Pimbi aliyatazama haya miaka mingi, na mwisho akaandika habari za Kauzu, dagaa wa kike ambaye si mtoto tena na bado si mtu mzima. Kauzu anahesabu masiku na kugundua kwamba uko mwezi wa pili ziwani, nao hutokea pale tu wa kwanza usipokuwepo. Anawauliza wazee. Wazee wanamjibu kwamba mwezi ule ni baraka, na kwamba ndugu walioufuata hawarudi kwa sababu huko walikokwenda ni kuzuri. Kauzu hatosheki na jibu hilo, na kitabu kizima ni kutotosheka kwake. Kiliitwa *Mwezi wa Pili*.

Pimbi alikiandikia vijana. Hapo ndipo wengi walipomshangaa. Vitabu vya watoto vipo, vina picha na sungura mjanja. Vya watu wazima navyo vipo, vina ndoa zilizovunjika. Aliye katikati, ambaye sauti imeanza kukwaruza na hasira zinamjia bila sababu, huachiwa kitabu cha kiada na mitihani ya miaka iliyopita. Pimbi aliona hilo ni pengo. Mchapishaji wake, Fisimaji, naye aliona ni pengo, ila yeye alimaanisha la kibiashara.

"Mayu, kitabu ni kizuri," alisema Fisimaji akimpa mkataba. "Sijakisoma chote, lakini ni kizuri. Tutatoa nakala mia tano. Bei elfu kumi. Wewe mirabaha yako asilimia kumi, baada ya makato."

"Makato gani?"

"Yatajitokeza. Na kazi ya kukitangaza ni yako. Mwenye uchungu na mwana ni aliyemzaa."

Pimbi hakubisha, kwa kuwa alikuwa na mpango wake. Kigongo kulikuwa na foleni. Kwa miaka mingi kila aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia ile alifika Kigongo akasimama, akingoja MV Misungwi au MV Mwanza imvushe mpaka Busisi. Siku nzuri ulingoja kidogo. Siku mbaya zilipita saa mbili na zaidi, malori yamepangana, makonda wamechoka kutukanana. Abiria wa namna hiyo amekwisha kula yai, amekula karanga, amechungulia simu mpaka chaji imekata, na sasa anasoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi. Pimbi aliwatazama abiria hao kutoka jiweni na kujua jambo ambalo wachapishaji wengi hawalijui, kwamba msomaji si mtu mwenye akili kuliko wenziwe. Ni mtu asiye na pa kwenda kwa saa mbili.

Nakala zilishushwa Kigongo katikati ya Juni. Tarehe 19 mwezi huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, kazi iliyoanza mwaka 2020. Kijiji kizima kilishangilia. Pimbi naye alishangilia, tena kwa dhati, maana alikuwa na dada aliyewahi kujifungulia kwenye foleni ile. Asubuhi iliyofuata akajitwisha boksi la vitabu mpaka gatini.

Alimkuta Kanga peke yake, amekalia ndoo ya mayai ya kuchemsha. Mayai ya kuku, si yake. Hilo Kanga hulisema kabla hujauliza.

"Mwangaluka, mayu. Abiria wako wapi?"

"Mwangaluka. Wamepita."

"Akina nani?"

"Wote." Kanga alinyoosha ubawa kuelekea juu, ambako basi la Geita lilikuwa likiteleza darajani, vioo vimefungwa. "Nimewapungia tangu alfajiri. Mmoja alinipungia."

Wakakaa pale mpaka adhuhuri, mmoja na mayai yake, mwingine na riwaya zake. Kwa pamoja walimwuzia fundi baiskeli mayai mawili. Hakuna aliyepinga maendeleo, na mimi msimulizi wala siyapingi, mgonjwa anayekimbizwa Bugando hana haja ya kusoma riwaya njiani. Nasema tu kwamba saa mbili za kila abiria zilifutwa siku hiyo, na hakuna ofisi iliyoulizwa zimepelekwa wapi.

Fisimaji alipopigiwa simu hakushtuka. "Basi tufanye uzinduzi," alisema. "Kitabu bila uzinduzi ni cheti cha kuzaliwa bila muhuri."

Ikaundwa kamati ya maandalizi. Kamati ikakaa vikao, na vikao vikala. Kadi za mchango zikasambazwa mpaka Usagara. Vyura wakaombwa kwaya, Kasuku akakodiwa awe MC, na keki ikaagizwa yenye umbo la kitabu kilichofunuliwa. Kilichobaki ni mgeni rasmi, na hapo wajumbe wote wakataja jina moja kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza: Mheshimiwa Sangara.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, na tangu alipopata nafasi, aina zipatazo 200 za furu, kwa makadirio ya wataalamu, hazijaonekana tena. Dagaa nao anawala. Taa za mitumbwi zikiwakusanya, Mheshimiwa huwa hayuko mbali. Huyo ndiye aliyealikwa kuzungumzia mustakabali wa vijana. Simlaumu, aliitwa akaja. Na alikuja vizuri, na msafara, akatoa kichwa majini pale mwaloni saa saba mchana katika shughuli iliyoandikwa saa tatu asubuhi.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Kasuku, kisha akaisoma itifaki yote.

Sangara alisema vijana wa siku hizi hawasomi. Alisema wakati wao walisoma sana. Hakuna aliyemwuliza walisoma nini. Alisema simu zinaharibu kizazi, akatulia kidogo kupokea simu, akaendelea. Kisha akakiinua kitabu juu, mgongo wake ukiwa upande wa wageni, akampongeza mwandishi kwa kutukumbusha umuhimu wa mwezi wa Februari, mwezi ambao wazazi wengi husahau kumalizia ada. Wageni wakapiga makofi. Pimbi alitazama mezani. Fisimaji, aliyekaa karibu naye, alimnong'oneza kwamba tafsiri hiyo nayo ni nzuri, tena inaweza kutumika kwenye tangazo.

Halafu nakala ya kwanza ikanadiwa. Mheshimiwa akaitwaa kwa shilingi milioni mbili, kwa ahadi. Makofi ya hapo yalisikika Busisi. Ahadi hiyo ipo mpaka leo, haijapungua hata senti.

Ilipofika zamu ya mauzo, meza ya vitabu ilizungukwa vizuri sana. Mmoja alitaka nakala moja ya ofisi. Mwingine alitaka ya maktaba atakayoifungua akistaafu. Jirani alisema, "Sisi ni watu wa nyumbani, utatuuzia kweli?" Binamu alisema atakisoma kwanza, akikipenda atakuja kulipa. Wote walitaka kisainiwe, na jina liandikwe vizuri, na wapigwe picha wakikishika karibu na uso. Pimbi alisaini mpaka kidole kikamfa ganzi. Jioni walipohesabu, nakala zilizolipiwa taslimu zilikuwa nne, na tatu kati ya hizo alizinunua mama yake mzazi, asiyejua kusoma.

Kesho yake kundi la simu la ukoo likajaa hongera na maua ya rangi zote. Ngedere, msomi wa ukoo, aliandika: "Tunajivunia sana mwandishi wetu! Tutumie PDF."

Pimbi akaona aende kwa vijana wenyewe. Chini ya mkuyu mkubwa kuna shule, na mwalimu mkuu wake ni Kobe, ambaye hajawahi kufanya jambo bila barua. Alimkaribisha vizuri, akamwagizia soda, akakipima kitabu mkononi kwa uzito.

"Kinatoka kwenye mtihani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kina ithibati?"

"Mchapishaji anaishughulikia."

"Kina mapenzi?"

Pimbi akafikiri. Ukurasa wa 63 Kauzu anaogelea na kijana mmoja wa kifuru. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wanaogelea."

"Wakiwa wawili?"

"Wawili."

Kobe akakirudisha kitabu mezani taratibu. Tusimcheke haraka. Mwulize aliyemaliza kidato cha nne miaka ya 2010 hapa Tanzania amesoma riwaya gani, na yaelekea atakutajia *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie* na *Joka la Mdimu*, pamoja na hoja tatu za kila moja zilizokaririwa kwa ajili ya swali la insha. Ni vitabu vizuri, na havina kosa lolote. Ila kijana anayevisoma kwa mwaka mzima akiwinda maudhui na fani humaliza shule akiamini kwamba riwaya ni aina ya dawa, unameza kwa maelekezo, na ukipona huna sababu ya kuigusa tena. Mwalimu naye anapimwa kwa matokeo. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza ni wanafunzi wangapi walikesha na kitabu.

Hata hivyo Kobe hakuwa na roho mbaya. Alimpa Pimbi dakika kumi kwenye paredi, kati ya matangazo ya usafi na ya ada. Pimbi akasimama juu ya tofali, akasoma mwanzo wa sura ya kwanza. Mstari wa mbele wakaacha kusukumana. Akafika pale Kauzu anapomwuliza bibi yake swali la kwanza, na bibi anageuka asijibu. Kengele ikalia.

"Halafu?" aliuliza kijana mmoja wa membe, mwembamba, manyoya ya shingoni hayajakaa sawa.

"Maswali yaulizwe kwa maandishi," alisema Kobe. Wakaingia madarasani. Mwalimu wa taaluma akabaki nyuma kumwomba Pimbi nakala moja ili wakaitoe fotokopi.

Redioni mambo yalikuwa mafupi zaidi. Kwarara, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, alimkaribisha kwa sauti ya furaha iliyokuwa imerekodiwa jana yake.

"Mwandishi, una ujumbe gani kwa vijana?"

"Umo kitabuni."

"Kwa kifupi."

"Nimetumia kurasa mia moja na themanini kwa sababu haukuwezekana kwa kifupi."

"Safi sana. Kwa hiyo vijana wasikate tamaa." Ukapigwa wimbo. Baada yake likaja tangazo la mdhamini wa kipindi, muuzaji wa taa za sola za kuvulia dagaa, mwanga mkali, bei ya punguzo. Pimbi alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka peke yake njiani mpaka bodaboda aliyempakia akasimama kumwuliza kama ni mzima.

Likabaki duka. Duka la vitabu alilolijua lilikuwa Mwanza mjini, Makoroboi, la Kongoti, yule ndege mrefu mwenye upara anayesimama palipo na cha kusubiri. Duka lilikuwa na madaftari, kalamu, mitihani ya miaka iliyopita, na vitabu vya namna ya kuwa tajiri kabla ya miaka thelathini. Kongoti alikubali kuchukua nakala mia mbili kwa mali kauli. Asiyeujua mtindo huo ajue hivi: wewe unaacha mali, yeye anaacha kauli. Kikiuzwa, mnagawana. Kisipouzwa, unapewa pole. Alivipanga chini kabisa, nyuma ya mifuko ya shule, kwa maelezo kwamba huko havipigwi na jua.

Baada ya muda Fisimaji alimletea Pimbi karatasi ya hesabu. Kulikuwa na gharama za uchapaji, usafirishaji, kamati, keki, "mengineyo", na chini yake "mengineyo (2)". Sisi wa Mwanza tunaijua biashara ya samaki: minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, mwenyeji akabaki na mapanki, kichwa na mifupa, akayakaanga akashukuru. Pimbi aliipitia karatasi ile akayaona mapanki yake pembeni kulia. Yalikuwa na alama ya kutoa mbele.

Jioni hiyo Mnandi, ndege mweusi wa majini anayelala visiwani na kuvua kote, alitua jiweni kukausha mabawa. Akamkuta Pimbi amejikunyata.

"Unalia nini? Kitabu chako kina muda gani?"

"Miezi."

"Miezi!" Mnandi akacheka. "Mimi ninatokea Ukerewe. Kule kulikuwa na binadamu mmoja, Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuichapa kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, Tanzania Publishing House. Yeye akafariki mwaka 1981, nakala bado hazijamfikia mkononi. Wewe umepata mpaka keki."

Pimbi hakuona faraja yoyote hapo, na sidhani kama ipo.

"Ngoja," alisema Mnandi, "ninaye mwingine, huyu ni wa Namagondo, kisiwa kilekile. Euphrase Kezilahabi. Alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, habari za binti wa Ukerewe anayekwenda shule. Wakubwa wakaona binti yule anasimuliwa waziwazi mno. Wakakipiga marufuku mashuleni."

"Masikini."

"Masikini nani? Kitabu cha shule husomwa na aliyelazimishwa. Kikikatazwa, anakitafuta hata asiyependa kusoma. Na baadaye kikaja kuwekwa kwenye orodha ya kufundishwa, wanafunzi wakaanza kukisoma kwa hoja tatu tatu. Unajua unachohitaji, mayu?"

Pimbi alikuwa amekwisha kusimama.

Ghuba ina Kamati ya Maadili ya Vijana. Mwenyekiti wake ni Mzee Kamongo, ambaye kiangazi kikizidi hujichimbia topeni akalala mpaka maji yarudi, kwa hiyo barua ya Pimbi ilisubiri mvua za vuli. Iliandikwa vizuri: YAH: OMBI LA KUPIGIWA MARUFUKU KITABU CHANGU. Mvua ziliponyesha, akidi ikatimia, Pimbi akaitwa. Walikuwepo Kamongo, tope likimtiririka mashavuni, Kobe, Bundi aliyekuwa katibu, na Kenge, ambaye hakuna ajuaye alichaguliwa lini.

"Mlalamikaji ni nani?" aliuliza Kamongo.

"Mimi."

"Na mwandishi?"

"Mimi."

Wakatazamana. Bundi akaandika.

"Waheshimiwa," alisema Pimbi, "kitabu hiki ni cha hatari. Kinawafundisha vijana kuuliza maswali. Ukurasa wa 17 kinaonyesha wazee wakidanganya, tena wakijua. Ukurasa wa 63 kuna kuogelea. Na mwishoni…"

"Usitusimulie mwisho," alisema Kenge.

"Kwani mtakisoma?"

Kukawa kimya. Kamongo akakohoa, akatoa kijidudu. "Mwanangu, wewe ni mgeni wa taratibu. Kitabu hakipigwi marufuku kwa maneno. Lazima kwanza kisomwe na wasomaji watatu walioteuliwa, waandike ripoti, ripoti ijadiliwe. Na wasomaji hao wana posho. Fungu la posho la wasomaji," akamgeukia Bundi, "limetoka?"

"Halijatoka."

"Halijatoka. Kwa hiyo hatujakisoma. Na kwa kuwa hatujakisoma, hatujaona kosa lolote ndani yake."

"Lakini mimi ninawaambia kosa lipo! Nimeliandika mwenyewe!"

"Ndiyo maana hatuwezi kukutegemea," alisema Kenge kwa upole. "Una maslahi."

Wakashauriana kwa dakika chache, wakarudi na azimio. Kamati ilimpongeza mwandishi kwa mchango wake katika malezi ya vijana wa Ghuba, ikampa cheti chenye fremu, na ikaomba nakala nne kwa kumbukumbu za ofisi, zisainiwe. Kobe aliomba yake iandikwe jina la mjukuu.

Cheti kile Pimbi alikitundika. Ameniambia mwenyewe kwamba kinazuia upepo.

Nakala za Makoroboi zilikuwa na safari nyingine. Kongoti alipofunga hesabu ya mwaka aliandika kwamba *Mwezi wa Pili* "haikutoka", na kwa kuwa alihitaji nafasi ya mifuko ya shule ya Januari, akaziuza nakala zote kwa kilo. Mali kauli haikusema lolote kuhusu kilo. Aliyezinunua alikuwa Kanga. Yule wa mayai ya kuku, si yake. Kanga alikuwa amehama gatini, akaweka meza upande wa barabara, karibu na mwanzo wa daraja, pale daladala zinapogeuza. Biashara ilianza kumrudia polepole: karanga za kukaanga za mia mbili, zilizofungwa kwenye karatasi, na mayai ya mia tano. Karatasi alikuwa akizitafuta kila kona, maana magazeti yamekuwa adimu. Sasa alikuwa na magunia.

Hakujua kusoma, kwa hiyo alichana kitabu kilivyompendeza. Kutoka katikati kwanza, maana ndipo uzi ulipolegea.

Pimbi alikuwa anaanika mboga juu ya jiwe aliposikia kishindo. Kijana wa membe alikuwa ametua, yule mwembamba wa paredi, sasa ameongezeka kimo, mdomo una chumvi. Chini ya ubawa alikuwa na rundo la karatasi zenye mafuta, amezipanga kwa namba.

"Shikamoo. Wewe ndiye uliyeandika hiki?"

"Marahaba. Ndiye."

"Sitini na tatu iko wapi?"

"Nini?"

"Ukurasa wa sitini na tatu! Ninayo sitini na mbili, Kauzu amemwambia yule furu amngojee penye magugu maji. Halafu ninayo sitini na tano, hawasemezani. Kuna nini hapo katikati? Nimekula karanga wiki nzima, tumbo linaniuma, napewa ishirini na moja kila siku. Ninazo ishirini na moja sita. Shuleni tunabadilishana, ishirini na moja haina thamani tena."

Pimbi akakaa chini. "Mnabadilishana? Nyinyi wangapi?"

"Wote wa daraja. Makonda pia. Sitini na tatu anayo mtoto wa Kobe, anataka nimpe arobaini, na arobaini siitoi." Akazikumbatia karatasi zake. "Na nina neno jingine. Kauzu ni mjinga. Ameujua mwezi ule ni wa uongo toka ukurasa wa thelathini. Kwa nini harudi kumwambia bibi yake?"

"Kwa sababu bibi anajua."

"Anajua?" Membe akafungua mdomo, akaufunga. "Hapana. Huwezi kuniambia bibi alikuwa anajua. Kule mwanzoni analia dada yake akiondoka. Ulitusomea mwenyewe!"

"Nilisoma vizuri, lakini wewe hukusikia. Soma tena anavyolia."

Wakabishana mpaka mboga zikaliwa na mbuzi. Membe alikuwa mkali, na sehemu mbili tatu alikuwa na haki; kuna mahali, ukurasa wa 88, Pimbi mwenyewe alikubali kwamba hapo alichoka akaharakisha. Tangu uzinduzi hakuna aliyekuwa amemwuliza jambo lolote lililomo ndani ya kitabu.

"Ngoja nikupe kizima," alisema mwishowe, akaingia pangoni. "Ninazo nakala. Ni elfu kumi, lakini wewe…"

"Elfu kumi!" Membe alirudi nyuma. "Karanga ni mia mbili."

"Basi chukua bure."

Membe akasita, akakitazama kitabu kikavu kisicho na hata tone la mafuta, akatikisa kichwa. "Nikiwa nacho kizima wenzangu hawatanipa kitu. Sitakuwa na cha kubadilishana."

"Basi kaa nikusimulie mwisho wake."

"Hapana! Usiniharibie!" Alikuwa amekwisha kufungua mabawa. "Mwisho anao Kanga, nimeuona kwa macho yangu. Ila kurasa za mwisho anafungia mayai, na mayai ni mia tano. Una mia tatu hapo uniazime?"

Pimbi akaenda kuitafuta.